Mufunge Kidole Changu

Musogee, wanangu, na mulango muufunge, maana maneno haya si ya jirani. Ramazani, acha kusimama kama askari, kaa chini karibu na dada yako Nuru unisikilize mpaka mwisho, kwani mimi baba yako Bulaimu sina sauti ya kurudia.

Najua ulichoapa jana pale barazani. Ulisema Muzungu wa kukagua mabenki akifika Kasongo Jumatatu, utasimama mbele yake umutaje kwa jina yule kalani wa benki aliyekula pesa zetu. Nami nakuambia usimutaje. Hasira yako ni yangu, niliilea mimi, na inaniuma kuliko huu ugonjwa. Lakini usimutaje.

Kazi yangu munaijua. Nilitoka Kabambare na baisikeli na magunia matupu, nikanunua mupunga kwa wanawake wa Lusangi, tukautwanga hapa nyumbani, nikauza muchele kwa watu wa machimbo ya Salamabila, mvua na jua, mpaka magoti yakakataa. Nilitaka mashini ya kukoboa. Mashini moja tu, iungurume hapo nyuma ya nyumba, mama yenu aachane na kinu. Mama yenu alianguka akafa muchi ukiwa mukononi, na kwa hilo sijamusamehe mutu.

Benki ilipofunguliwa niliogopa kuwapa pesa watu nisiowajua. Basi nikafanya kama wazee wetu walivyofanya walipotaka kupita katika inchi ya wengine: nikatafuta undugu. Kalani wa dirishani alikuwa mutu mupole, akijua kuuliza habari za watoto. Nikamuita nyumbani, tukachanjana kifuani, tukala ini la kuku lililopakwa damu yetu, tukaapa asinile wala nisimule, asiniuze kwa wakubwa wala nisimuuze, na atakayevunja tumbo limuvimbe, yeye na uzao wake. Usiku ule nililala usingizi muzuri, kwani nilidhani damu iko kufuli kuliko chuma. Mukisikia wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, musidhani wanasema habari ya chawa.

Kila nilipopeleka pesa alikishika kidole hiki gumba, akakipaka wino, akaniambia, "Bonyeza hapa, ndugu yangu. Na hapa tena." Mimi sikusoma, nikabonyeza. Pa kwanza paliandikwa kwamba nimeweka, pa pili kwamba nimetoa. Siku nilipokwenda kuchukua pesa za mashini, Muzungu wa benki aliniambia akiba yangu imekwisha, nilikwisha kuitoa mwenyewe. Ndugu yangu alikuwa pale nyuma ya dirisha, anachonga kalamu ya risasi, hakuinua macho.

Ndipo nikaanza kushitaki. Administrata, mukubwa wa serikali hapa, akanirudisha benki, benki wakanirudisha kwa Administrata. Nikaomba ruhusa ya njia, nikapanda kamyo mpaka Bukavu, nikakaa chini kwenye baraza ya nyuma mpaka wakafunga milango ya biro yao, na kesho yake nikakaa tena. Muzungu wa kule akanionyesha karatasi, akaniuliza, "Kidole hiki iko chako?" Nikasema iko changu. "Basi pesa ulitoa wewe. Ama kuna mutu alikudanganya? Mutaje." Nikakumbuka kiapo, nikakitazama kidole changu. Akawaambia wenzake kwamba hawa wanakula pesa zao kisha wanasahau, wakacheka. Nilishuka zile ngazi nikilia, mutu muzima, na sioni haya kuwaambia. Nikaandikisha barua kwa wakubwa wa Leopoldville; jibu lao lilikuja baada ya mavuno mawili, likasema wamepokea mashitaka yangu, basi niende nikaulize benki yangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanangu, na wale wenye fimbo hawakuwa na haja ya kumuona nyoka.

Ramazani, unanilaumu kwamba nilimuficha mwizi. Sikumuficha. Kiapo chake kimeoza, lakini changu hakijaoza, na nikikivunja mimi, matumbo yatakayovimba ni yenu. Nimekosa mashini, nimekosa mama yenu. Ninyi sitawatoa.

Nuru, maji... Polepole. Inatosha.

Mama Cécilia wa Lusangi anatudai mupunga wa mavuno yaliyopita. Dawa ya deni ni kulipa: uzeni baisikeli, mumupelekee chake kabla ya arobaini yangu. Kinu ni cha Nuru. Shamba la mutoni mulilime pamoja, musilikate. Na watoto wa yule mutu, kwa damu ile, ni ndugu zenu: musioane nao, na wakija na njaa muwape chakula, hata kama kuwapa kutawauma.

Sasa sikilizeni la mwisho. Desturi munaijua, ndugu wa chale ndiye anayeshuka kaburini kupokea kichwa. Mutume mutu akamuite, mbele ya watu wote, kwa heshima, amuambie ndugu yako Bulaimu anakungoja. Mumungojee mpaka jua liiname. Akija, mumupishe, ashuke, anifungue sanda usoni, anitazame. Asipokuja... asipokuja, ile nafasi ya kichwa muiache wazi kwanza, watu wa Kasongo waione, kisha wewe Ramazani ushuke. Hapo mimi sikumutaja, nawe hukumutaja.

Mungu awape... awape chakula kisichopita kwenye karatasi ya mutu. Awape kupendana. Musiniache peke yangu mpaka nizikwe, mutu wa wino asiingie humu, maana hata maiti ana kidole.

Nuru, lete kitambaa. Hiki gumba, cha kulia. Kaza... kaza tena. Usingoje nife, mwanangu. Kifunge sasa, nione.