Mehitabel Gedney, Aliyewavisha Glavu Waombolezaji wa Boston

Mehitabel Gedney alizaliwa tarehe 14 Machi 1668, mtaa wa kaskazini wa Boston, mtoto wa tatu wa Josiah Tarbell, mziba nyufa za meli kwa lami, na mkewe Remember. Harufu ya lami haikumtoka maisha yake yote, na hakuwahi kuiombea radhi.

Alifundishwa kusoma Biblia jikoni kwa jirani. Kuandika hakufundishwa, kwa kuwa ilidhaniwa msichana hatakuwa na la kuandika. Alipewa sindano.

Mwaka 1689 alifungua duka la glavu karibu na gati. Mjini kwetu hakuna mazishi bila glavu: wafiwa huwapelekea jamaa na majirani, na aliyepelekewa lazima aje, maana kuzikataa ni kumtukana maiti. Hivyo marehemu wetu Mehitabel aliishi kwa vifo vya wenzake, kama wachungaji wetu, ila yeye hakuhitaji kupaza sauti.

Mwaka 1691 Obadiah Gedney, mshona matanga, aliingia dukani akitafuta glavu za msiba wa mjomba wake. Marehemu wetu akampima kiganja bila kuinua macho.

"Huu mkono wa kulia umenenepa. Unafanya kazi au unapiga watu?"

"Nashona matanga, bibie."

"Umeoa?"

"Bado."

"Basi usiondoke. Sijamaliza kupima."

Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba, wakajaliwa Jabez na Silence. Obadiah alichukuliwa na bahari mwaka 1712. Mwili haukupatikana, lakini glavu ziligawiwa.

Aprili mwaka huu wa 1721, meli kutoka visiwa vya kusini ilituletea ndui. Kufikia Septemba kengele ya mazishi ililia mfululizo, hadi wakuu wa mji wakaiwekea mipaka, kwamba inawatisha wagonjwa. Glavu hazikuwekewa mipaka. Alipofariki Nathan, mume wa Silence, marehemu wetu aliona aibu kumzika mkwewe kama mbwa, akapeleka glavu mtaa mzima. Mtaa mzima ukaja, ukajazana chumba kimoja na jeneza, ukanywa ramu. Baada ya wiki chache wengi wao walirudi makaburini, safari hii wamebebwa. Mmoja wao alikuwa Silence, aliyesimama mlangoni akiwapokea.

Marehemu alifunga duka, akampeleka mjukuu wake Thankful, binti wa Silence, kwa dada yake Dorcas, shambani. Homa ilipomshika yeye, aliuguzwa na Jabez, ambaye aliugua ndui utotoni akapona, nayo haimshiki mtu mara mbili.

"Nikifa, glavu isitoke hata moja," alimwambia.

Habari zilimfikia Shemasi Prout, naye akaja kusimama barabarani, mbali na dirisha.

"Bi Gedney! Fundi wa glavu azikwe bila glavu? Watu watasema nini?"

"Waseme, Shemasi. Ili mradi wawe hai wa kusema."

"Na mimi je? Mkono wangu unaujua, hata kipimo chake!"

"Naujua. Ndiyo maana nataka ubaki nao."

Alifariki tarehe 2 Novemba 1721, alfajiri.

Ameacha mwana, Jabez, dada, Dorcas, na mjukuu, Thankful, mwenye umri wa miaka minne, ambaye hajaugua, na ambaye kwa sababu hiyo hakuletwa hapa makaburini. Shemasi Prout yupo ng'ambo ya uzio, mikono mitupu, analalamikia baridi.

Tumwache apumzike kwa amani, nasi tutawanyike upesi. Ndivyo alivyotaka.