Mzee Sadru na Ndege Iliyoruka Imekunja Mabawa

Bwana Sadrudin Jiwa, ambaye sote tunamwita Mzee Sadru, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Septemba 2006, baada ya kuwahudumia wageni wa makumbusho yetu ya ndege, hapa kaskazini mwa London, kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitatu. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza theluji ilisimamisha treni, na mara ya pili alikuwa anamwoza binti yake.

Ameomba wasifu wake uandikwe kwa Kiswahili kwanza, lugha aliyozaliwa nayo, ndipo utafsiriwe kwa ajili ya wenzetu wengine. Ameomba pia niuandike mimi, Teresia Philemon wa chumba cha makoti. Wanaojua tulivyokutana watashangaa, maana huu ni wasifu wa pili kuandika maishani mwangu, na ule wa kwanza niliuharibu. Nitafika huko.

Mzee Sadru alizaliwa mjini Unguja mwaka 1941. Baba yake alikuwa fundi saa, naye akaurithi ufundi huo pamoja na tabia zake: macho makali, mikono isiyo na haraka, na kutopenda kusema saa imepona kabla hajaisikiliza siku nzima. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 duka lao lilifungwa, na familia ikahamia Dar es Salaam na vifaa vyote vya kazi ndani ya sanduku moja. Mwaka 1972 yeye na mkewe, Bi Lila, wakaja London kwa ndege. Hiyo ndiyo safari yake ya pekee ya ndege hadi leo. Anakiri mwenyewe kwamba alifumba macho karibu njia nzima, akayafumbua chakula kilipoletwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemwajiri mwezi Juni 1974 kulinda ukumbi wa ndege za kivita. Alikabidhiwa koti la buluu, tochi na ndege tisa, zikiwemo zile zilizotumika kwenye manowari za kubebea ndege. Hizo hukunjwa mabawa, ncha zake zikaelekezwa juu, ili zienee nyingi kwenye nafasi ndogo ya meli. Mzee Sadru alizipenda hizo kuliko zote. Alisema ndege yenye adabu ya kujikunja ili mwenzake apate nafasi inastahili kufutwa vumbi kila asubuhi, na kweli alizifuta, ingawa kazi hiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Wageni hawakumwona kama mlinzi. Walimwuliza maswali, naye hakuona haya kusema hajui. Ndipo zikaanza kadi zake za manjano. Mgeni akiuliza jambo asilolijua, aliandika kwenye kadi jina, anwani, swali na tarehe. Kisha akaenda maktaba yetu ya ghorofa ya pili, akatafuta, akaandika jibu pamoja na kitabu na ukurasa, na nakala akaituma kwa posta. Chini kabisa ya kadi kulikuwa na nafasi ya kueleza sababu ya kuchelewa, endapo jibu lilizidi siku saba. Hakuna aliyemwagiza kuweka nafasi hiyo. Aliiweka kwa sababu saa ya mteja ikichelewa lazima mteja aambiwe kwa nini.

Kadi hizo leo zimefika elfu nne na zaidi. Kompyuta zilipoingia, meneja mmoja alipendekeza zitupwe. Mzee Sadru hakubishana naye. Alimletea kipande kinene cha mkate wa ufuta wa Bi Lila, akamwomba achomoe kadi yoyote asome. Meneja alisoma kadi kumi na saba akiwa amesimama, na suala la kuzitupa halikuzungumzwa tena.

Lakini liko swali moja ambalo Mzee Sadru hakuliandikia kadi, na hilo ndilo lililonileta mimi hapa.

Baba yangu, Philemon, mtu wa Rabai, pwani ya Kenya, alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo kabla hatujahamia Barking, mashariki mwa London. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila alikuwa na kisa kimoja. Alisema mwanzoni mwa miaka ya sitini, meli yao ikiwa imetia nanga katika bandari moja ya Italia, aliona ndege ya kivita ya Wamarekani ikipita juu na mabawa yamekunjwa, ncha zikitazama mbinguni. Alikieleza kisa hicho kwenye harusi, kwenye vipaimara na kwenye foleni ya basi. Watu wakacheka mpaka jina likazaliwa: kanisani kwetu, uongo wowote mkubwa uliitwa ndege ya Philemon. Fundi akiahidi kuja kesho, tulisema hiyo ni ndege ya Philemon. Baba alikuwa anatabasamu, lakini kisa chake hakukibadilisha hata nukta moja.

Alifariki Machi 1991. Mimi ndiye mtoto mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika na kusoma wasifu wa marehemu kanisani. Nilitaka kuwapa watu nafuu kidogo, nikaandika kwamba sasa Baba amepanda ndege yake iliyokunja mabawa, na tumwombee itue salama. Kanisa zima likacheka, hata mchungaji. Nilipoinua macho nilimwona Mama, Bi Lydia, akitazama kiatu chake. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote. Ila picha ya Baba iliyokuwa juu ya televisheni ikatoweka, na sote tuliogopa kuuliza ilikokwenda.

Mwezi mmoja baadaye, bila kumwambia mtu, Mama alipanda mabasi mawili na treni akaja kwenye makumbusho haya. Alimkuta Mzee Sadru mbele ya ndege iliyokunjwa, akiwa na kundi la wanafunzi. Alimsikia akimsalimia mfanyakazi mwenzake kwa Kiswahili, akapata ujasiri. Akamwuliza kama ndege hiyo inaweza kuruka vile ilivyo, na mabawa yamekunjwa.

Mzee Sadru alicheka. Alimjibu kwamba haiwezekani hata kidogo, na kwamba ndege ikikunja mabawa inageuka kuwa gari la gharama kubwa. Aliwatafsiria wanafunzi mzaha huo, nao wakacheka. Mama alimshukuru, akafunga vifungo vya koti lake, akaondoka. Kwa kuwa jibu lilikuwa limekwishatolewa, kadi haikuandikwa. Hakuulizwa jina wala anwani.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 1993 alikuja Mmarekani mzee aliyewahi kuhudumu katika jeshi lao la majini. Alisimama mbele ya ndege ileile, akasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba anamjua rubani aliyewahi kuruka bila kukunjua mabawa. Mzee Sadru alimwandikia kadi, akapanda maktaba, akaagiza taarifa kutoka nje, na baada ya wiki tatu akawa nazo mezani.

Jibu, kwa faida ya wote mnaosoma, ndilo hili. Si kila ndege inaweza. Ikiwa bawa linakunjwa karibu na kiwiliwili, hakuna safari. Lakini ziko aina ambazo hukunjwa ncha tu, na sehemu ya ndani ya bawa hubaki wazi. Injini ikiwa na nguvu za kutosha, sehemu hiyo huweza kuibeba ndege. Inakuwa nzito kuiongoza, na sharti iende kasi kuliko kawaida hata wakati wa kutua. Hakuna anayeruhusiwa kujaribu. Hata hivyo katika miaka ya sitini ilitokea zaidi ya mara moja, marubani wa Marekani walipopitiwa, wakapaa, wakagundua kosa wakiwa tayari juu, wakazunguka na kurudi chini wazima.

Bi Lila amenisimulia kwamba siku hiyo mumewe alirudi nyumbani hakugusa chakula. Alikuwa amemkumbuka yule mama na vifungo vya koti lake. Hakumjua jina. Alichojua ni kwamba lafudhi yake ilikuwa ya pwani ya Kenya, na kwamba mkononi alishika tiketi ya basi la kutoka Barking. Mtu mwingine angesikitika kidogo, kisha angeendelea na maisha. Mzee Sadru aliandika tangazo kwa mkono wake, akaanza kutumia siku yake ya mapumziko, Jumatatu, kulibandika kwenye maduka ya Waafrika: Tottenham, Thamesmead, na zaidi Barking.

Mimi niliona tangazo hilo katika duka la Ramesh, tunakonunua unga na maharage. Lilisema: “Anatafutwa mama aliyeuliza kama ndege inaweza kuruka ikiwa imekunja mabawa. Nilimjibu kwa kujiamini, nikakosea. Namwomba radhi.”

Niseme kweli, kwa kuwa huu ni wasifu na safari hii sitaki kuharibu. Nililing'oa. Nilidhani kuna mtu anaendeleza utani wa kanisani, nikalitia kwenye mkoba nikiwa na hasira. Jioni nikalisoma tena, nikatambua kwamba mama wa kuuliza swali hilo angekuwa Mama yangu tu, hasira ikaisha, nikashikwa na woga. Maana kama tangazo lilikuwa la kweli, basi Baba alikuwa mkweli, na mimi nilimwita mwongo mbele ya jeneza lake. Nilikaa na karatasi hiyo siku tisa bila kumwonyesha Mama. Niliporudi dukani nikakuta tangazo jipya palepale. Ramesh akaniambia yule mzee huja kila Jumatatu, husimama karibu na magunia ya mchele saa nzima, hununua pakiti moja ya njugu, huondoka.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta ameshika njugu zake. Nilimwambia mimi ni binti wa yule mama, nikamweleza pia nilichosoma kanisani, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu jinsi kilivyonilemea. Hakunihukumu. Alinifungulia ile pakiti, akasema tuko wawili.

Mama alipopata habari alitoa sharti moja. Alitaka wote waliocheka waje nyumbani: kaka zangu, mjomba, mwalimu wa kwaya, na mchungaji. Alisema, “Mlicheka pamoja, mtasikia pamoja.”

Basi Jumapili moja baada ya ibada, sebule yetu ndogo ikajaa. Mzee Sadru alikuja amevaa tai, na mkononi ameshika ndege aliyoikata kutoka kwenye boksi la biskuti, yenye ncha za mabawa zinazokunjika. Alikataa kuketi. Alieleza bawa linavyokunjwa na linavyobeba, akapitisha taarifa mkono kwa mkono, kisha akamgeukia Mama peke yake.

“Mama, ulinijia na swali la kweli nikakujibu kwa mzaha. Mume wako aliona alichosema ameona.”

Mama akasema, “Miaka miwili nimemnunia marehemu.” Akaingia chumbani, akatoka na picha ya Baba, akaifuta kwa upande wa khanga, akairudisha juu ya televisheni. Mjomba alikuwa wa kwanza kulia. Mimi nilikuwa wa pili, na sikuacha hadi chai ilipopoa.

Mwaka uliofuata nafasi ilipatikana katika chumba cha makoti, na Mzee Sadru akaniambia niombe. Tangu hapo nimemwona akifanya kazi kila siku. Maelezo yaliyobandikwa mbele ya ile ndege yalibadilishwa kwa juhudi zake, baada ya barua kumi na moja kwa ofisi. Wafanyakazi wapya wote wamepita mikononi mwake, na wote wameonyeshwa kadi moja ambayo aliiandika kwa kuchelewa. Jina: Bi Lydia Philemon. Swali la Aprili 1991. Jibu la Juni 1993. Pale chini, kwenye sababu ya kuchelewa, ameandika maneno mawili: nilidhani najua.

Mzee Sadru, wasifu huu nimeuandika polepole. Kila tarehe nimeihakiki, na mzaha nimeuweka pale tu ambapo wewe mwenyewe ungecheka. Kadi zako tutazitunza na maswali tutayapokea. Tunakushukuru, na tunakuombea wewe na Bi Lila afya, usingizi wa asubuhi, na siku ndefu zisizo na kengele. Tunakupenda sana.

Ukisimama leo kupokea zawadi yako, tazama mstari wa mbele. Mama amekuja, na miaka yake themanini na mmoja, kwa mabasi mawili na treni kama siku ile. Amemleta Baba pia. Amempakata mapajani, uso ukitazama kwako.