Umepakua Nini?

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu nje ya karakana ya viti, na mguu wake mmoja ni mfupi. Mwenye karakana ndiye aliyelichonga, na mpaka leo anashikilia kwamba mguu uko sawa, ardhi ndiyo haiko sawa. Huyo ni Msumari. Kulia kwake hukaa Refa, aliyechezesha mpira miaka ishirini na bado huvaa filimbi shingoni hata akitumwa chumvi. Kushoto hukaa Dozi, mwenye duka la dawa, mtu ambaye ukisema tu umechoka atakuuliza umri na uzito. Mbele yao ni Mama Birika na jiko lake la mkaa, mwenye kahawa, mwenye vikombe, na mwenye neno la mwisho. Jumamosi hiyo Msumari alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa shuka, kijasho chembamba kinamtoka, akakilaza kwenye benchi polepole kama mtoto mchanga.

— Nani huyo? akauliza Mama Birika.

— Kompyuta ya mke wangu. Inaumwa.

— Ina umri gani? Dozi akadakia.

— Miaka sita.

— Uzito?

— Dozi, bwana, niache kwanza nipumue.

Hakuwa na pumzi kweli. Mke wake, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, alikuwa ameandika kitabu cha kusomea cha watoto wa darasa la pili. Miezi mitano alikiandika, kidole kwa kidole, kwenye meza ya jikoni akishaosha vyombo. Jumatatu mpiga chapa alikuwa anakisubiri. Kitabu chote kilikuwa humo ndani ya shuka, na hakikuwa mahali pengine popote duniani. Asubuhi akienda kwenye mkutano wa walimu alimwachia mumewe neno moja tu: usiiguse.

— Na wewe ukaigusa, alisema Mama Birika.

— Nikaigusa.

— Kwa nini?

Msumari akainamisha kichwa. Kusema kweli aliona haya.

— Aliniambia sura ya nne kuna fundi wa viti. Nikataka kujiona. Nisome kidogo tu, niifunge. Sasa nimeifungua, likaja liandishi jekundu, linawaka na kuzimika: KOMPYUTA YAKO NI MGONJWA, INA VIRUSI ELFU TATU, BONYEZA HAPA UPATE TIBA. Jamani, ningefanyaje? Nimwache mgonjwa?

— Hata kidogo, alisema Dozi.

— Nikabonyeza. Ikasema, tiba imeingia, bonyeza upate nyingine. Nikabonyeza. Nimebonyeza mara kumi na moja.

— Hapo umekuwa mtu mzima, alisema mwenye duka la dawa. Dozi lazima uimalize.

— Ikaanza kukoroma. Ikapata moto. Halafu ikaganda.

Msumari alikuwa na hofu, na haikuwa hofu ya ugomvi. Mwalimu hagombi. Akiudhika hunyamaza, anapika vizuri kuliko siku zote, na ukimya ule ndio Msumari aliokuwa anauogopa. Akatoa simu, akampigia fundi wa kompyuta anayefahamiana na mke wake, na kijiwe kizima kikasogeza masikio.

— Fundi, kompyuta ya nyumbani imeganda. Ina virusi, na kitabu cha mke wangu kimo humo.

— Pole, kaka. Umepakua nini?

Msumari akashangaa. Akawatazama wenzake. Wenzake nao wakashangaa, maana swali lilisikika vizuri.

— Leo?

— Ndiyo, leo, kabla haijaganda. Umepakua nini?

— Maharage.

— Nini?

— Maharage, na viazi viwili. Lakini nilipakua kutoka sufuriani moja kwa moja, nikala hapo hapo jikoni. Juu ya kompyuta halikudondoka hata tone la mchuzi, naapa.

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha fundi akakohoa kama mtu aliyeng'ata kicheko kwa meno.

— Kaka, nisikilize. Izime tu. Usiiguse tena. Kazi ya mama haijapotea, virusi hivyo navitoa kwa dakika kumi. Nikimaliza hapa nilipo nakuja.

Simu ikakatwa. Kijiwe kikaangaliana.

— Amesema aizime, alisema Refa. Hiyo ndiyo dawa?

— Mjinga huyo! Dozi akaja juu. Mgonjwa anazimwa? Wewe siku ile ulipopata homa, Refa, tulikuzima?

— Hapana.

— Basi!

— Na lile swali la maharage? aliuliza Mama Birika. Umesikia alivyonyamaza? Amejua kitu huyo. Hakutaka kukutisha tu.

— Maharage yanahusiana vipi, mama?

— Gesi.

Hakuna aliyecheka. Msumari akashika tumbo lake, akajaribu kukumbuka alikaa umbali gani kutoka kwenye mashine.

— Maharage tuyaache, alisema Refa, akapuliza filimbi kidogo ili asikilizwe. Tatizo amelitaja mwenyewe: imeganda. Kitu kilichoganda tunakifanyaje? Samli ikiganda unaipeleka wapi? Juani! Tuianike juu ya bati, saa moja tu, itayeyuka.

— Utaichoma, alisema Dozi. Hii ina virusi, bwana, si samli. Virusi ni virusi, viwe kwa mtu, viwe kwa mashine. Kwanza itengwe. Msumari, sogea, unavuta pumzi yake. Pili, nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, kwa sababu haijafikisha miaka kumi na miwili.

— Atakimezea wapi?

Dozi akafunua shuka, akaizungusha kompyuta, akainama akachungulia ubavuni.

— Hapa kuna tundu.

— Hapo panachomekwa kitu kingine, alisema Msumari kwa wasiwasi.

— Ndiyo maana naona ni padogo. Tutakisaga.

Mama Birika alikuwa anawasikiliza huku anapepea mkaa. Akaweka kipepeo chini, na alipofanya hivyo wote wakamgeukia.

— Nyie wanaume mnanichosha. Msumari, ile kompyuta ina panya, haina panya?

— Inaye, mama. Yule wa kushika mkononi. Yupo nyumbani mezani.

— Mmemsikia? Ana panya mezani, amemwacha huko anatembea, halafu anauliza maradhi yametoka wapi. Huyo mwenye mkia umemwona. Je, walioko ndani umewaona? Kukoroma ulikosikia hakukuwa kukoroma. Walikuwa wanatafuna.

— Wanatafuna nini?

— Kitabu.

Msumari aliona sura ya kwanza inaliwa, ya pili inaliwa, panya wanaingia sura ya nne na fundi wa viti amesimama pale na nyundo yake, hana habari. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu aliyefikwa na maji shingoni hachagui mkono wa kushika.

— Basi semeni kitu kimoja, alisema. Nifanye nini?

Ndipo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye benchi lile. Walikubaliana. Dozi ndiye aliyeanza, kwamba kama kidonge hakipiti, mafua ya mtu hutolewa kwa kujifukiza. Refa akafikiri, akasema mvuke ni moto, na moto huyeyusha kilichoganda, kwa hiyo yeye hana pingamizi. Mama Birika akasema panya hawezi kukaa kwenye moshi wala mvuke, atatoka mwenyewe. Dawa moja, maradhi matatu. Hata Msumari, aliyekuwa na kasauti kadogo moyoni kanachomwambia izime uiache, aliona aibu kubishana na watu watatu waliokubaliana.

— Maji ninayo kidogo tu, alisema Mama Birika. Itabidi tumimine na kahawa humo humo.

— Tia, mama. Kahawa inachangamsha.

Wakalichemsha birika mpaka kifuniko kikaanza kucheza. Wakaifungua kompyuta mdomo wazi, wakaiinamisha juu ya mvuke, wakaifunika kwa shuka pamoja na birika lote. Refa alishika pembe hii, Dozi pembe ile, Msumari akashika katikati huku anaibembeleza kwa sauti ya chini. Kila baada ya muda Dozi alichungulia akasema inatoa jasho, dalili nzuri. Mara ndani ya shuka pakalia kitu, tsss, na harufu ya plastiki ikapanda pamoja na ya kahawa.

— Panya mmoja huyo, alisema Mama Birika.

— Mko wazima hapo?

Walikuwa hawajamsikia akija. Mwalimu alisimama nyuma yao, mkoba begani, na ajabu ni kwamba alikuwa anatabasamu.

— Fundi amenipigia simu, alimwambia mumewe. Amenieleza yote, mpaka maharage. Nimecheka mbele ya mwalimu mkuu. Anasema ni kitu kidogo, dakika kumi, na kitabu kipo salama. Sasa kwa nini ulinificha, baba watoto? Kwani ningekumeza?

Shuka lilikuwa linapanda na kushuka kwa mvuke, na mikono yote miwili ya Msumari ilikuwa bado imelishikilia.

— Humo mnafukiza nani?

Akalifunua mwenyewe. Akaitoa kompyuta juu ya birika kwa ncha za vidole, akaiinamisha upande mmoja. Kwenye lile tundu la ubavuni maji ya rangi ya kahawa yakachuruzika, yakaendelea kuchuruzika, yakafika kwenye viatu vyake. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Tabasamu likamwishia usoni polepole, na Msumari alilitazama likiisha mpaka mwisho, na angetoa karakana yake nzima lirudi.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anavyowatazama watoto wa darasa la pili.

— Naomba niulize, alisema. Kati yenu hapa, nani ana kompyuta nyumbani kwake?

Refa aliichunguza filimbi yake. Dozi alikumbuka dukani ameacha mlango wazi, lakini hakuinuka. Mama Birika alinyanyua birika amimine, na hata tone halikutoka.

Msumari akanyoosha mkono, haukufika juu.

— Sisi, mke wangu, alisema. Tulikuwa nayo.