Fimbo Iliyomwachisha Bega Kazi

Walikuwapo kijiweni kwetu, kando ya Mtaa wa Msimbazi, Ravindra Solanki, muuza vipuri wa Gerezani, aliyeitwa Orijino kwa sababu aliapia kila kipuri, Abubakary Kitwana wa mitumba ya Mchikichini, aliyeitwa Ulaya Juzi kwa kuwa kila nguo yake eti ilitoka Ulaya juzi, Mwanamkuu binti Shomari, mwenye kahawa, Eliasi Mazengo, na mimi. Eliasi aliitwa Bega. Kwa miaka mingi Abbasi Mgeni, asiyeona, alitembea Kariakoo yote mkono wake ukiwa juu ya bega la Eliasi, na watu wakawasalimu wawili hao kwa salamu moja. Mwaka 1992 kilifunguliwa kituo kidogo cha wasioona karibu na reli. Abbasi alifundishwa kutembea peke yake, akapewa fimbo nyeupe. Asubuhi ninayoisema, alikuwa amevuka Mtaa wa Msimbazi mbele ya macho yetu, na magari yote yalisimama kumpisha.

— Mmeona? alisema Eliasi. Hata lori! Mimi nilipokuwa namvusha tulitukaniwa mpaka mama zetu.

— Mle ndani ya fimbo mna sumaku, alisema Ravindra. Mimi mtu wa vipuri, Bega, usibishane na mimi. Inashika breki.

— Mpaka ya lori?

— Lori ndiyo lina chuma kingi zaidi!

— Sumaku wapi, alidakia Abubakary. Ile antena. Kuna Mzungu kajifungia kule kituoni na redio, anamwambia kushoto, kulia, shimo hilo. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Nyoka kaingiaje hapo? aliuliza Mwanamkuu.

— Dada, methali haihojiwi.

— Mnahangaika bure, alisema Eliasi. Jamaa anaona. Tangu zamani anaona. Alinifanya punda wake tu.

— Kaka Eliasi, huo wivu, alisema Mwanamkuu. Unakionea wivu kijiti?

— Mimi? Nikionee wivu kijiti mimi?

Hapo Abbasi mwenyewe akatokea, fimbo ikigusagusa ukingo wa mtaro.

— Asalaam aleikum. Bega, upo?

Eliasi aliweka kidole mdomoni. Hakuna aliyejibu, hata salamu.

— Upo, alisema Abbasi. Nakusikia unavyopuliza kahawa. Jumamosi twende kituoni. Mwalimu Severa anawafundisha na wenye macho namna ya kumwongoza mtu. Nimemwambia nina bingwa wangu.

— Nina kazi.

— Kazi gani?

— Kazi.

Abbasi akaenda zake.

— Nikafundishwe kumwongoza! alisema Eliasi. Mimi! Nani alimvusha siku za mafuriko? Nani alijua kwamba mguu wake wa kushoto unachelewa? Leo kaletewa kijiti, basi, Bega kapata likizo.

Alisukasuka kahawa kikombeni mpaka ikamwagika.

— Ulaya Juzi, yule shemeji yako bado ana ile mipini ya fagio?

— Stoo nzima.

— Ipakeni chokaa. Wapeni wasukuma mikokoteni, wapeni wachukuzi, wapeni kila anayevuka hapa. Kila mtu awe nayo. Tuone Abbasi atakuwa nani.

— Aisee! Biashara huria! alisema Abubakary. Tutawauzia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Ya kwangu iwe orijino, alisema Ravindra.

Tulicheka.

Biashara ilishika. Masika yalipoanza, Msimbazi nzima ilikuwa nyeupe: wachukuzi, wauza maji, akina mama wenye vikapu, vijana wenye macho ya mwewe. Mwanzoni madereva walisimama. Baadaye walipiga honi. Mwishowe hata honi hawakupiga.

Siku moja alifika kijiweni mwanamke tusiyemjua. Mkononi alishika mpini wa ufagio, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Severa Komba, ni mwalimu wa kituo cha pale relini. Sikuja kugombana, wazee wangu. Nauliza jambo moja tu. Dereva atajuaje fimbo ipi ni ya asiyeona?

Ravindra alimtazama Abubakary. Abubakary alimtazama Eliasi.

— Mwanamkuu, alisema Eliasi, niongeze kahawa.

— Imekwisha.

Birika lilikuwa bado likitoa mvuke. Mwalimu Severa akaulaza ule mpini kwenye benchi, kati ya Eliasi na mimi, akaondoka.

Abbasi Mgeni alifariki Jumatatu iliyofuata. Aligongwa na gari akivuka Mtaa wa Msimbazi.