Mashine ya Kumi na Mbili ya Papa Namegabe

Ijumaa tarehe 28 Novemba, Papa Namegabe Édouard, fundi wetu wa kompyuta, atatimiza miaka ishirini na tatu ya kazi katika hospitali yetu, na jioni hiyo atatoka langoni akiwa mstaafu. Mimi ninayeandika ni Mama Uwimbabazi wa réception, ninayeshika funguo za chumba cha informatique. Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, lakini niseme ukweli kwanza: kuna wakati nilimshuku, Mungu anisamehe.

Yeye mwenyewe ni mutu wa kushuku. Jenereta ikiwaka, anatoka nje kusikiliza kama inanguruma vizuri. Taa ya kijani ya serveur, ile kompyuta kubwa ya hospitali, haimtoshi. Ukimpigia simu kwamba kazi imeisha salama, anapanda pikipiki kutoka kwake Ndosho aje aone kwa macho yake.

Wengi wanadhani alikuwa anakaa tu kwenye chumba cha baridi. Hapana. Ndani ya chuma kimoja kikubwa mnaishi mashine kumi na moja zisizo na mwili: ya laboratoire, ya pharmacie, ya banki ya damu, na zingine. Siku ya kwanza kuambiwa hivyo nilifanya ishara ya msalaba. Faili zao zote zinakaa kwenye serveur nyingine, ya kuhifadhi, na zinafikiwa kwa kamba ya réseau, ya mtandao. Ukiigusa serveur hiyo ovyo, hata kuibadilisha adresi tu, mashine zote zinaganda, na labo inabaki na chupa ya damu mkononi bila kujua ni ya nani. Kwa hiyo Papa Namegabe alikuwa anahamisha faili za kila mashine kwenye serveur ya pili ya kuhifadhi, mashine ikiendelea na kazi, ndipo aguse ya kwanza. Katikati anapigia labo simu, aulize saa inayoonekana kwenye ekran ya kompyuta yao, ajue kama haijaganda. Mama Charline wa labo alikuwa anamtania: "Papa, ni saa ile ile iko ku mukono yako." Naye anajibu: "Ya mukono siiamini."

Mwezi wa sita niliingia kufagia, nikahesabu kwenye ekran yake. Mashine kumi na mbili. Karatasi ya ukutani ilisema kumi na moja. Siku hizi hapa mjini kila mutu anamuangalia mwenzake kwa pembe ya jicho, na mimi si bora kuliko wengine. Nikawaza anaficha nini, na anamfichia nani. Nilisali siku tatu, kisha nikaenda kwa Daktari Mukamurenzi, mkurugenzi wetu.

Papa aliandikiwa barua ya kujieleza, ikawekwa kwenye dossier yake ya kazi. Akakatazwa kuingia chumbani bila mashahidi. Miezi mitano kabla ya pansheni, alikuwa anaelekea kutoka na jina la mwizi wa faili. Hakujitetea. Alisema tu: "Nitajibu siku ya kazi, wote mukiwa mumesimama hapo."

Siku hiyo ilikuja, ya kubadilisha adresi ya serveur ya kwanza ya kuhifadhi. Jeancy, fundi wa kampuni iliyotuuzia serveur ya pili, aliapa kwamba kila kitu kiko tayari. Papa alianza na mashine ile ya siri. Ndani yake hamkuwa na kitu, ila saa: kila sekunde inajiandikia saa, basi. Aliihamisha, akasoma mistari kwa kidole. Sekunde arobaini hazikuwepo: mashine ilikuwa imeganda. Réglage ya réseau, mpangilio wake, kwenye serveur ya pili ilikuwa na kosa. Angeanza na banki ya damu, ingeganda hivyo hivyo, na siku hiyo mama mmoja alikuwa amelala mezani kwa upasuaji.

Jeancy alirekebisha. Papa akajaribu tena. Hakuna sekunde iliyokosa. Akahamisha zote kumi na moja, akabadilisha adresi, akazirudisha. Mama Charline akapiga simu: "Papa, mutaanza saa ngapi? Tumechoka kungoja." Ilikuwa imeisha zamani.

Daktari aliuliza kwa nini mashine hiyo ya saa haikuwa kwenye orodha ya ukutani. "Ningeiandika, Docteur, kesho yake mungejaza humo picha za ndoa." Tulicheka, maana ni kweli.

Barua iliondolewa. Akaambiwa, hakuamini. Alikuja kuomba dossier, akaigeuza ukurasa kwa ukurasa tangu mkataba wa kwanza. Kisha akaniuliza polepole kama kuna kopi ya barua ile. Kopi ilikuwepo, kwenye droo yangu, na hakuna aliyejua. Nilimletea. "Nilijua ni wewe, Mama," akasema. "Hapa ni wewe peke yako unahesabu." Akaikunja, akaniachia niichane mwenyewe.

Papa Namegabe, asante kwa miaka yote ambayo hatukusikia kitu. Bwana akulinde, wewe na nyumba yako, akupe siku nyingi na usingizi usiokatwa na simu. Orodha ya ukutani sasa inasema kumi na mbili, na mpaka leo hakuna aliyetia picha. Nahakikisha kila asubuhi.