Pumba Nilizowapa Kuku

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu, kutoka milima ya Mbeya nilikozaliwa hadi hapa Iringa ninapozeekea! Mmeniona leo nikiinua mikono yote miwili wakati wa wimbo. Mkono huu wa kuume siuinui bila kumkumbuka mama mmoja na kikapu chake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimeolewa Ubaruku katika bonde la mpunga, na kupewa darasa la kwanza nilifundishe. Loo, miaka ile! Hata sasa nikifumba macho naisikia michi ikipokezana asubuhi, ua hadi ua, na harufu ya mpunga mpya ikiingia hadi darasani.

Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwa watwangaji wale. Kila Jumamosi aliniletea kikapu cha mchele wa kinu, mwekundumwekundu, wenye pumba zake laini. Niliupokea kwa mikono miwili na kupiga goti, kama nilivyofunzwa. Alipopinda njia, niliwamwagia kuku. Ndugu zangu, nilikuwa mwalimu! Mwalimu alikula mchele wa mashine, mweupe kama chaki yake. Niliuosha mara nne, nikauchemsha kwa maji mengi, nikayamwaga, nikala kwa mchuzi mwepesi na chai ya sukari. Maharage nilikuwa nimeapa bwenini kwamba nikihitimu hayatapita tena midomoni mwangu. Nadhiri hiyo niliitunza kwa uaminifu kuliko nadhiri nyingine zote.

Mwaka wa pili maumivu yakaanza. Yalishika shingo, yakashuka begani hadi vidoleni. Vidole vikafa ganzi, vikawa vinachoma kana kwamba nimeshika upupu. Miguu nayo ikawa mizito. Nilisema ni ndoo ya maji. Nilisema ni ubao. Hata siku moja chaki ikanidondoka katikati ya neno “baba”, nisiweze kuuinua mkono kulimalizia. Watoto hawakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Mwalimu asiyeweza kuandika ni mwalimu wa nini?

Jirani yangu akaninong'oneza kisimani: “Mwalimu, huo mchele anaokuletea yule mama umeuchunguza? Mkono unaopokea ndio unaouma!”

Nami, msomi na muumini, nikaamini! Sikuwa nimekula hata punje moja ya mchele ule, lakini nikaamini. Nikaacha kumwamkia mama. Nikamwambia mume wangu achague: tuhame kijiji cha mama yake, au nirudi kwetu milimani. Alikwenda kukaa kizingitini, akainamisha kichwa, nami nikaona mabega yake yakitikisika.

Nikaenda kupiga magoti. Nilitaka kuinua mikono yote miwili, ukainuka mmoja. Nikalia, “Bwana, nionyeshe aliyenifanyia hivi!”

Alinionyesha, tena upesi. Kesho yake mke wa mchungaji alinichukua hadi zahanati ya misheni. Tabibu, mzee mpole wa Kibena, aliniminyaminya shingo, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniombea aliyewahi kuliuliza: “Mwalimu, unakula nini?”

Nikamweleza kwa fahari.

“Na pumba wanakula nani?”

“Kuku.”

“Hawajambo hao kuku?”

“Hawajambo sana.”

“Basi mwalimu, wamekula dawa yako!”

Akanieleza kwamba si kila shingo inayouma huuma kwa sababu ya chakula, na kwamba ndoo na ubao navyo vilikuwa na sehemu yao. Lakini ile vitamini ambayo mishipa ya fahamu huihitaji hukaa katika ngozi ya punje, nami nilikuwa naiacha mashineni, kisha iliyosalia naiosha na kuimwaga. Mishipa yenye njaa haistahimili mzigo. Akanichoma sindano, akaniagiza nile mchele wa kinu, karanga na, ole wangu, maharage!

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta kinuni. Safari hii nilipiga goti kweli, nikamwambia yote: kuku, kisima, na maneno niliyomwambia mwanawe. Aliendelea kutwanga kidogo, kisha akauegemeza mchi.

“Nilijua,” akasema. “Nikifika kwako, kuku wananikimbilia mimi kabla yako. Kuku anamkimbilia anayemlisha, mwanangu.”

“Sasa mama, mbona uliendelea kuleta?”

“Ningeacha, siku ukishikwa na njaa ya kweli ungekula nini?”

Ganzi iliondoka baada ya wiki chache. Shingo ilichukua muda mrefu zaidi, lakini siku nilipoujaza ubao wote kwa maandishi, watoto walipiga makofi hata mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Mama amekwisha kulala katika Bwana. Kinu chake kiko jikoni kwangu, na hadi leo siwezi kukipita bila kukigusa. Namshukuru Mungu aliyeniponya kwa mkono wa tabibu na kwa subira ya mama yule. Ndugu yangu unayeumwa, omba, tena nenda zahanati ukaseme kweli kuhusu sufuria yako. Na wewe uliyeumwaga wema wa Bwana mara nyingi hata ukaona haya kurudi, mwamini tu. Anajua kuku ndio waliokula. Jumamosi atakuja tena na kikapu.