Injini ya Luhende na Jua la Serikali

Kijiwe cha Itetemia kina benchi moja refu, nalo liko mbele ya mashine ya kusaga ya Luhende, ambaye watu humwita Dizeli kwa ajili ya moshi aliouvuta hapo miaka kumi na tisa. Alasiri hiyo alikaa mwisho wa benchi akiwa na spana mkononi, kwani nati mbili za injini alikwisha kuzilegeza. Serikali ilikuwa imefunga mashine ya kusaga ya sola pale ofisi ya kata, na Luhende alikuwa ameahidiwa kuiendesha kwa mshahara. Injini sasa ilikuwa inauzwa. Mnunuzi, Ngollo wa Puge, alikuwa njiani na kanta yake, lori dogo la mizigo. Uamuzi ulikuwa wa Luhende mwenyewe, lakini roho haikutulia, ndiyo maana aliagiza kikombe cha nne cha kahawa. Wenzake wa benchi nao hawakutulia, ila wao ni midomo tu.

— Mafuta ya dizeli yananunuliwa kwa dola — alisema Ezekia, anayeitwa Waziri kwa sababu hawezi kusikiliza taarifa ya habari bila kumjibu mtangazaji. — Serikali kumwaga mabilioni kwenye nishati mbadala siyo wazimu. Dola zikibaki ndani, uchumi unasimama, sukari inashuka. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

— Mbachao si ndiyo hii injini yangu? — aliuliza Luhende.

— Wapi. Jua na dizeli, kipi kilianza? Mbachao ni jua.

Luhende aliigeuza spana mkononi. Aliona kuna kitu hakijakaa sawa, ila hakujua akishike wapi.

— Waziri unaona karibu — alidakia Masolwa, fundi redio, ambaye ni Injinia kwa wale wachache waliowahi kurudishiwa redio zao. — Misafara ya zamani ilifika hapa Tabora ikalazwa na jua hilihili. Saa sita, wapagazi wote chini. Basi nalo lifanye kazi. Tunavuta waya mpaka Kigoma, tunavuka ziwa, tunawauzia Wakongo. Halafu Ulaya, miezi yao ya baridi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bwana. Sisi chetu kiko juu, tunakaa tu.

— Mtalimaliza — alisema mzee Salmini, muuza kahawa anayekuja na baiskeli kutoka Gongoni. — Jua likivutwa lote Itetemia, Puge watabaki na kivuli. Huyo Ngollo unadhani injini anainunulia nini? Wenzenu wameshajua.

Luhende akamgeukia.

— Mzee, nawe. Jana hiyo mashine ya jua si mliiona wenyewe? Saa sita mchana, debe zima, dakika nane, bila tone la mafuta.

— Tuliiona — walijibu wote.

Na ni kweli, maana saa sita mchana benchi lile, linaloelekea ofisi ya kata, huwa limejaa.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa alipotokea Dafrosa, jembe mkononi, debe la mahindi kichwani, na tope la mpunga mpaka magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Baba Koleta, nasikia unauza injini.

— Nauza, mama. Kuanzia kesho mtasagiwa kwa jua, pale kwenye kata.

Dafrosa alitua debe lake.

— Sawa. Ila mimi shamba natoka saa hizi. Hiyo ya jua, saa hizi itasaga?

Waziri alimwangalia Injinia.

— Betri zipo — alisema Injinia. — Kwenye awamu ya pili.

— Ni lini hiyo?

Injinia aliinua kikombe chake, kumbe ni kitupu. Mzee Salmini akainamisha birika, yakatoka machicha.

Luhende aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Wateja wake, akina Apolinaria na mama Suzana, wote waliomlisha kwa miaka kumi na tisa, hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea mahindi saa sita mchana. Huja magharibi, na matope yao. Jana wakati mashine inajaribiwa walikuwa shambani, na yeye ndiye aliyesimama mbele akipiga makofi.

Honi ikalia. Kanta ilisimama mbele ya benchi, Ngollo akatoa kichwa dirishani.

— Dizeli, iko tayari?

Luhende alikuwa ameshaingia ndani, amepiga magoti, anazikaza zile nati mbili.

— Ngoja kwanza — alisema. — Nina mteja.